Ukija Malindi na njaa: chakula cha nani ununue kwanza, na cha nani kisubiri

Kila Desemba simu yangu hailali. Mabinamu wa Nairobi, marafiki wa Nakuru, mashemeji wa Mombasa ambao walipaswa kujua, wote swali ni lile lile: dadangu tumefika, tule wapi? Na kila mwaka nawaona wanampita mama wa mahamri pale barabarani wanaenda kununua chipsi kuku za kawaida kabisa, zile zile wangezikuta Machakos, halafu wanarudi nyumbani wanasema Malindi chakula chake ni cha kawaida. Hiyo inaniuma kwa kweli. Huu mji una Waswahili, Wagiriama, Wataliano, Wahindi, Waarabu wa asili ya Yemen, Wasomali na watu wa bara, na wote wanapika, wote wanauza, na ukitembea nusu saa kwa mguu ushawapita karibu wote.

Kwa hivo nimepanga kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho, na vipimo vyangu ni viwili tu. Je, anayepika amekua akila hicho chakula? Na kile kitu kikuu ndani ya sahani, samaki ama nazi ama unga, kimetoka wapi na kimetoka lini? Uzuri wa viti na taa mimi siuhesabu. Bei nitakazotaja ni zile nimelipa mimi, zinapanda na kushuka, hasa msimu wa wageni.

Nambari moja ni chakula cha Kiswahili, na hapa sibishani na mtu.

Lakini ujue saa. Watu wengi wanakosea saa halafu wanalaumu mpishi. Mahamri na mbaazi ni chakula cha asubuhi, ufike kabla ya saa tatu, manake hamri likipoa linakuwa kama sponji na mafuta yanaanza kuonekana mdomoni. Hamri zuri ukilipasua ndani lina uwazi, linatoa mvuke na harufu ya iliki, halina unga mbichi kwenye kona. Mbaazi ziwe zimelainika kabisa lakini bado unaiona moja moja, na tui zito limeingia mwisho. Mahamri matatu, bakuli la mbaazi na chai ya rangi yenye tangawizi, mimi sijawahi kufikisha shilingi mia na hamsini kwa kibanda cha kawaida. Kama una pesa ya mlo mmoja tu Malindi, nunua huo.

Mchana ni wali. Wageni wanachanganya pilau na biriani, basi sikiza: pilau mchele unapikwa pamoja na nyama na bizari kwenye sufuria moja, hadi wali wenyewe unakuwa wa kahawia. Biriani yetu ya pwani wali unapikwa mbali na masala inapikwa mbali, inakutana na wali kwenye sahani, kwa hivo ukiletewa wali wa manjano na mchuzi mwepesi unaomwagika, hiyo si biriani, hiyo ni wali na mchuzi. Masala ya biriani ni nzito, ina vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyekundu na kukauka, ina uchachu kidogo. Siku ya kununua ni Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, siku hiyo hoteli zinapika masufuria makubwa na mpishi anajua watu wanaokuja ni wale wanaomjua, hawezi kuharibu. Fika mapema, saa nane na nusu unaweza kukuta ukoko.

Na sasa samaki wa kupaka, hapa naomba unipe muda. Kuna mama huku Shela, upande wa mji wa kale, anapika jioni mbele ya nyumba. Samaki ameshachanjwa na ameshalala kwenye ndimu, chumvi, thomu na tangawizi. Anawekwa juu ya makaa, makaa yenyewe yameshapoa moto wa juu yamebaki mekundu tu. Pembeni kuna sufuria ya tui zito lililopikwa na manjano, pilipili na ukwaju hadi likawa kama uji. Anachota kwa kijiko anapaka upande mmoja, anangoja, tui linakauka linafanya madoa ya kahawia, anageuza, anapaka tena, na tena. Tone likianguka kwenye makaa linachemka moshi unapanda, na ule moshi ndio unaorudi ukaingia kwa samaki. Hiyo kazi inachukua nusu saa na zaidi, ndo maana ukiagiza samaki wa kupaka na akaja baada ya dakika kumi jua huyo alikaangwa zamani akamwagiwa mchuzi juu.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Nilimpeleka shangazi yangu na wageni wake kwenye hoteli moja ya ufukweni, jina naliacha, tukaagiza samaki wa kupaka watu watano. Samaki alikuja ndani ana baridi ya frijini, na tui lilikuwa la pakiti, jeupe, zito, tamu tamu, halina hata jicho moja la mafuta. Tui la nazi iliyokunwa kwa mbuzi, kile kibao cha kukunia, likiiva linatoa mafuta yake juu, madoa madogo ya kung'aa, na ukiliachia moto mkali linakatika. Shangazi alionja akaweka mkono chini akanyamaza, na ile bili nililipa mimi. Tangu siku hiyo nauliza kabla sijakaa: nazi munakuna wenyewe? Samaki gani mumepata leo? Mwenye samaki wa leo hasiti, atakwambia kolekole, ama tafi, ama changu. Anayekujibu "samaki tu, mzuri" mshukuru uondoke.

Na msimu pia uuangalie. Kaskazi, kuanzia kama Novemba hadi Machi, bahari imetulia na samaki wapo, bei inashuka. Kusi ikipiga, kuanzia Aprili kwenda Agosti hivi, bahari ni chafu, mawimbi makubwa, mashua nyingi ndogo hazitoki, na mvua ikinyesha bara mto Sabaki unamwaga tope hadi maji ya hapa mbele ya mji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Wakati huo nunua pweza, nunua ng'onda, yaani samaki mkavu, ama kula pilau ya nyama, usilazimishe samaki.

Usiku malizia na viazi karai na mishkaki. Ukwaju usiwe wa chupa, basi.

Nambari mbili itawashangaza wengi: chakula cha Kigiriama. Najua hukioni kwenye menyu za hoteli kubwa, na hilo ndilo linalonikera, manake ukitoka mji kidogo tu, Ganda, Gede, Kijiwetanga, uko kwa wenyewe, na jikoni kwenye hizo hoteli wengi wanaopika ni Wagiriama wanaopika chakula cha watu wengine. Hawe, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa Mgiriama, na mimi nimekua na sima na mchunga wa nazi, kwa hivo nisamehe kama naongea kwa moyo.

Mchunga ni mboga chungu, jina lenyewe linakwambia. Unachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa, halafu unapikwa na tui, na ule uchungu haumaliziki, unabaki kidogo nyuma ya ulimi, na tui linaushika. Unakula na sima, wenyewe wanaita wari, sima ngumu inayosimama, unafinyanga tonge unabonyeza shimo kwa dole gumba unachotea mboga. Ukipata na ng'onda ya kuchoma pembeni, ama kunde za nazi, hiyo sahani ni ya shilingi mia na kitu na itakushikilia hadi usiku. Inauzwa wapi? Vibanda vya mabati vya karibu na soko, pale wanapokula mafundi, watu wa mizigo na madereva wa tuktuk. Usitafute kibao, angalia wapi kuna sufuria ya mboga ya kijani na watu wanakula kwa mkono wamenyamaza. Fika saa sita unusu, manake saa nane mboga imeisha inabaki maharagwe.

Mnazi, ile pombe ya kugemwa, wanauliza sana wageni. Mimi situmii, lakini nimelelewa karibu na wagema na nitakwambia walichonifunza: wa asubuhi ukitoka tu juu ya mti ni mtamu na mwepesi, na kila saa inayopita unazidi kuchacha na kuwa mkali, kwa hivo anayekuuzia saa kumi jioni akakwambia ni laini, anakudanganya. Unanywewa na mrija, na ununue kwa mtu unayeoneshwa na mwenyeji.

Hapa hapa nitie Dabaso, huko Mida Creek upande wa Watamu, kama nusu saa kwa gari. Kuna Crab Shack, ni ya kikundi cha wanakijiji wenyewe, unapita kwa daraja la mbao katikati ya mikoko hadi unafika juu ya maji, na unaagiza sambusa za kaa. Nenda jioni maji yakijaa. Pesa yako inabaki kwa watu wa pale, na kaa ana ladha ya kaa, hajafichwa na pilipili.

Tatu, Kitaliano. Watu wa bara wanashangaa mbona mtoto wa Malindi anayeuza vinyago anaongea Kitaliano kama amezaliwa Roma. Wataliano walikuja miaka ya 60 na mradi wa San Marco pale Ngomeni, kaskazini ya hapa, walikuwa wanarusha satelaiti kutoka jukwaa lililosimama baharini, ya kwanza ilirushwa 1967, na ile iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wetu. Wengine wakapapenda wakajenga, wakafungua hoteli, na watoto wetu wakaingia jikoni kwao. Leo kuna mpishi Mgiriama amekanda unga wa piza miaka ishirini, huyo kipimo changu cha kwanza ameshakipita.

Cha kununua ni viwili. Piza ya tanuri la kuni, nyembamba, chini ina madoa meusi ya moto, mara nyingi elfu moja na kitu, na inashibisha watu wawili wasio na haraka. Na pasta ya kamba, kwa sababu kamba wa hapa wanatoka Ngomeni na ghuba ya Ungwana, wako karibu, hawajasafiri. I Love Pizza na Baby Marrow ni majina ambayo ukimtajia dereva wa tuktuk hahitaji maelezo. Pasta ya nyama ya kusaga achana nayo, hiyo utapika nyumbani.

Tahadhari zangu nne. Kamba mawe anauzwa kwa kilo, kwa hivo aje mezani mbichi umuone, apimwe mbele yako, ndo akapikwe. Uliza kama bei ya menyu ina VAT ya 16% na ile tozo ya utalii ndani, ama wanaongeza mwisho, manake kwa meza ya watu sita hiyo tofauti ni chakula cha mtu mmoja. Na kwa Waislamu wenzangu, uliza nyama kwa jina, karbonara ina nguruwe hata kama weita amesahau kukwambia, na michuzi mingine inawekwa divai. Halafu Mei na Juni sehemu nyingi zinafunga, piga simu kwanza usiende na watoto ukakuta geti limefungwa.

Jelato nunua wakati wowote. Chukua ya matunda, maembe yakiwa msimu, usichukue ile ya buluu.

Nne, Kihindi. Bhajia za viazi na chatne, sambusa, chapati, vyote vimeshakuwa vyetu hadi tumesahau vilikotoka. Cha kununua hasa ni mboga: dengu, bilinganya, viazi vya rai na bizari. Kama umechoka na nyama, hapa ndo pako. Duka la vitafunio vikavu pia usipite bila chevda, nunua robo kilo ya njiani.

Tano, Kiyemeni na Kisomali, nimeviweka pamoja japo si kimoja. Wali wa mbuzi aliyepikwa taratibu hadi nyama inaachana na mfupa, na kwa Wasomali unapewa ndizi mbivu ule pamoja na wali, ukubali, usiiweke kando. Sahani ni kubwa, agizeni moja watu wawili. Kahawa chungu na haluwa baadaye.

Mwisho kabisa nyama choma. Si mbaya, ila mbuzi mzuri ameshafika Malindi amechoka, na wewe unatoka kwa wenye nyama choma, umesafiri saa ngapi kuja kuila tena? Ila ukiona watoto wanalia wanataka nyama, nunua kilo moja mle wote.

Jambo moja la Ramadhani, manake kila mwaka huwa inawakuta watu hawajajiandaa. Mchana hoteli nyingi za Kiswahili zimefunga, usigongegonge mlango. Alasiri kama saa kumi meza zinatoka nje barabarani, hapo kuna vitu ambavyo miezi mingine kumi na moja hupati kirahisi: mkate wa sinia, kaimati, vibibi, viazi vya nazi, sambusa za aina nne. Nenda na kontena lako na pesa za chenji ama M-Pesa tayari, chagua mapema, manake dakika kumi kabla ya adhana ya magharibi meza yote imebaki nzi na gazeti lenye mafuta.