Rejeta inayovuja: kuichomelea au kununua iliyotumika?

Gari la zamani linapochemsha kwenye barabara ya Dodoma kwenda Iringa, na madoa meupe ya chumvi yakaonekana kandokando ya mirija ya rejeta, yaani kipozea maji ya injini, mwenye gari hubaki na njia mbili. Rejeta ya shaba huchomelewa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa ikadumu, mradi tundu ni dogo na mirija haijazibwa na chumvi ya maji ya kisima. Hapo mimi ningeichomelea bila kusita. Yenye tangi la plastiki lililopasuka haichomeleki hivyo, basi inunuliwe nyingine. Iliyotumika nayo, nasisitiza, ijazwe upepo ikiwa imezamishwa majini kabla hujalipa, kwani mapovu yataonyesha palipotoboka. Mfuniko usifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto.