Tanga la kushonewa Ujiji, koti la kapteni na ile bendera nyeusi: uzoefu wangu

Nianze na tanga, maana ndilo lililokula hela nyingi, na ndilo watu huniuliza pale mwalo wa Kibirizi wakiniona nalo begani.

Siku tano za wiki mimi ni mtu wa ofisini hapa Kigoma mjini. Jumamosi ni baharia. Mara moja kwa mwaka ni haramia. Tupo sita, tuna mtumbwi wa mbao wa futi ishirini tulioununua kwa kuchanga, uliokuwa wa dagaa kabla mwenyewe hajapata mkubwa zaidi. Huko Ulaya na Marekani mchezo huu una wenyewe: wanavaa kama maharamia wa miaka ya 1700, wanatweka matanga, wanapigana kwa panga butu, na tarehe 19 Septemba ni siku ya kuongea kiharamia, utani ulioanzishwa na Wamarekani wawili mwaka 1995. Sisi tumechukua hiyo siku tu. Mizinga hatuna.

Tanga letu la kwanza tulilikata wenyewe kwenye turubai la bluu, la kufunikia mizigo ya lori. Likawa bapa kama jamvi. Upepo ukija linapigapiga tu, na mtumbwi unakwenda ubavu kama kaa. Ndipo tukaelekezwa kwa mzee mmoja wa Ujiji anayeshona mahema, vifuniko vya malori na, kwa wanaojua kuuliza, matanga.

Nilimkuta barazani, miguu kainyoosha, shazia, ile sindano nene, mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mlingoti wako urefu gani?"

Sikujua. Akanitazama kama mtu aliyekwenda kumshonea mwanawe suruali bila kujua ana miaka mingapi. Akanipa kamba, akaniambia niende nikapige fundo moja pale foromali, ile boriti ya kubebea tanga, itakapofikia, la pili pale demani, kamba ya kuvutia tanga, itakapofungiwa, kisha nirudi. Hataki mita. Anapima kwa pima na dhiraa, na kamba yenye mafundo anaiamini kuliko karatasi.

Mimi nilitaka tanga la mraba, kama kwenye picha za maharamia. Akacheka mpaka akakohoa. "La mraba litakufikisha Kongo salama salimini. Kurudi mtapiga makasia." Na kweli, kiangazi upepo wetu mkali hutoka kusini mashariki, kwa hiyo ng'ambo ya Kongo ni kusukumwa tu. Kazi ni kurudi. Basi akanishonea la pembe tatu. Baadaye nilipokuwa nasoma habari za maharamia wenyewe, nikakuta mzee hakukosea hata kwao. Wengi wa Karibi walipenda vyombo vidogo vya mlingoti mmoja, vyenye tanga la kufuata urefu wa chombo, kwa sababu vilikuwa vyepesi, vilibisha vizuri, yaani viliweza kwenda kuelekea upepo unakotoka, na viliingia kwenye maji mafupi. Blackbeard, haramia maarufu kuliko wote, aliuawa Novemba 1718 akiwa kwenye chombo cha aina hiyo, si kwenye lile dubwana la milingoti mitatu tunalochorewa.

Gharama ilikuwa hivi. Kitambaa cha turubai la pamba, mita 14, kila mita shilingi 9,000, ni 126,000. Kamba mita 20, shilingi 30,000. Nyuzi za nailoni na nta, 12,000. Ufundi 80,000. Jumla 248,000, tukagawana sita. Kitambaa nilinunua mwenyewe, na nakushauri ufanye hivyo, ila nenda na kipande alichokupa fundi kama sampuli. Dukani kila kitu kizito huitwa turubai.

Sasa nieleze kwa nini elfu themanini ya ufundi naiona ndogo. Sikujua kwamba tanga zuri lazima liwe na tumbo. Mzee hakati vipande kwa mstari ulionyooka. Kila kipande anakipinda kidogo ukingoni, upana wa vidole viwili hivi, na vikiunganishwa kitambaa kinabaki na nafasi ya kujaa. Kiasi cha tumbo anakiona kwa jicho. Mishono mirefu anapiga kwa cherehani, lakini dasi, ile kamba ya ukingoni inayobeba mzigo wote, anaishona kwa mkono, uzi umepakwa nta, na anaivuta kamba ikaze kuliko kitambaa. Nilimuuliza kwa nini. "Upepo uvute kamba, usivute nguo," akasema, akaendelea na kazi. Pembe zote tatu ameziwekea viraka vya tabaka nne.

Majini ni kitu kingine kabisa. Siku ya kwanza, Julai, tulitweka mbele ya ufukwe wa Bangwe saa nane mchana. Tanga likajaa mara moja, mtumbwi ukalala kidogo, na sauti ya maji ubavuni ikabadilika. Aliyeshika demani alipiga kelele kama aliyeguswa na umeme. Tulikwenda joshi, yaani mshazari kuelekea upepo unakotoka, kwa mara ya kwanza tangu tuununue ule mtumbwi. Si sana, maana mkuku wenyewe, ule uti wa chini ya chombo, ni mfupi, lakini tuliporudi makasia yalikuwa makavu.

Kasoro zipo. Mzee aliniahidi wiki moja, nikakaa siku kumi na tisa. Msiba uliingia katikati, sawa, lakini hata simu hakupiga. Pili, pamba inakunywa maji. Tanga likilowa linakuwa zito kama gunia la muhogo mbichi, na ukilikunja bichi linaota koga. Letu lina madoa tayari, kosa letu wenyewe.

Koti la kapteni sitalizungumzia sana. Niliagiza mtandaoni, likaja kutoka Dar, shilingi 95,000: jeusi, refu, vifungo vya dhahabu ambavyo ni plastiki. Mvua ya kwanza tu rangi ikahamia kwenye shati. Halafu ni hatari. Lilowe, kisha ulivae na jaketi okozi juu yake, uone kama utainua mkono. Mabaharia wa kawaida wa zama zile walivaa jaketi fupi na suruali pana, na vyote viwili nimevipata mitumba pale Mwanga, hapahapa mjini, kwa elfu kumi na moja. Kichwani tunafunga kanga. Muuzaji wa koti hakujibu tena ujumbe wangu.

Ila bendera ndiyo iliyonifanya niandike haya yote.

Ilikuwa bei rahisi, 15,000, nyeusi, fuvu na mifupa miwili. Tarehe 19 Septemba tulishinda nayo ufukweni, watoto wakatukimbiza, raha tupu. Jioni tukasema tutoke kidogo, tukanunue dagaa wabichi moja kwa moja kwa wavuvi wanaotega. Jua lilikuwa limeshazama. Tuliona mitumbwi miwili inawasha taa zake za sola, tukaelekeza huko, bendera juu, sisi vilemba kichwani na panga zetu za mbao, mmoja anaimba.

Taa zikazimika. Zote, kwa mpigo. Kisha tukasikia injini zinawashwa na mitumbwi ikakimbia gizani, mmoja ukiwa umeacha kamba za wavu zinaelea.

Hatukuelewa mpaka tuliporudi mwaloni. Watu kama thelathini walikuwa wanatusubiri, pamoja na viongozi wa kikundi cha kusimamia mwalo, kwani wavuvi walikuwa wameshapiga simu. Walipotumulika na kuona ni sisi, wengine wakatukana, wengine wakacheka. Mzee mmoja mvuvi hakufanya vyovyote. Alisubiri kelele zitulie.

"Wanangu, nyinyi wa mjini. Mimi nimeshawekewa bunduki kichwani huko katikati. Walichukua injini, wakachukua nyavu, mwenzangu akaruka majini hatukumwona tena. Sasa nyinyi mnatuletea fuvu usiku."

Tulikuwa tunajua. Hilo ndilo linaloniumiza. Kila mtu wa Kigoma amesikia habari za wavuvi kuporwa injini usiku katika ziwa hili, na wengine kuuawa. Tulijua, lakini kichwani mwetu neno haramia lilikuwa limeshahamia Karibi, likavaa kofia ya pembe tatu na kupata kasuku begani. Tukaomba radhi usiku uleule, tukalipia wavu uliopotea, na kesho yake tukaenda tena kuomba radhi mchana, bila vilemba.

Kwa hiyo bendera: usinunue. Kama wewe ni wa ziwani, usinunue kabisa.

Sisi hatujaacha mchezo, tumebadili hadithi. Desemba tuliigiza kisa cha tarehe 26 Desemba 1915, Waingereza walipotumia viboti viwili, Mimi na Toutou, vilivyosafirishwa kutoka Afrika Kusini na kukokotwa nchi kavu huko Kongo, wakaiteka humu ziwani meli ndogo ya Wajerumani, Kingani, na kuibatiza Fifi. Ukiniuliza mimi, huo ni uharamia wenye sare tu. Tulicheza mchana, karibu na ufukwe, baada ya kuwaarifu viongozi wa mwalo. Mmoja wetu alipendekeza pia jahazi la mwaka 1858, lile ambalo Speke, mpelelezi Mwingereza, alivuka ziwa kwenda kuliazima kwa mfanyabiashara Mwarabu akarudi mikono mitupu. Nilikataa. Vyombo vya zama zile vilibeba pembe za ndovu, na watu pia, na Ujiji ilikuwa soko la vyote viwili. Bado tunabishana.

Mwezi uliopita nililirudisha tanga kwa mzee, pembe ya joshi imeanza kufumuka. Nikamchukulia na ile bendera, nikifikiri walau itatoa kiraka. Akaishika kwa vidole viwili, akaipeleka juani. Mwanga ulipita mpaka ukaonekana mkono wake upande wa pili.

"Hii umenunua shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na tano."

"Mjukuu wangu," akasema, akanirudishia, "hii hata dagaa huwezi kuanikia."

Kiraka alikitoa kwenye turubai lake mwenyewe. Shilingi elfu nne, na safari hii kilikuwa tayari siku ileile, kabla ya magharibi.