Supu ya "kuku" iliyotuharibia bethidei Masaki

Nianze na nyota moja, huko mbele tutaona, maana mpaka saa hii naandika sijajua nitaishia ngapi. Ni ule mgahawa wa msosi wa Kiasia upande wa Masaki, jina silitaji, sitaki kesi na mtu, ila wanaokwendaga kule wataujua tu kwa zile taa nyekundu za karatasi na wale watu wanaopiga picha mlangoni kabla hata hawajakaa. Maegesho, saa za kufungua, sijui vaifai, hayo tafuta mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu moyoni, nalo ni supu.

Tulienda mwisho wa mwezi, mshahara umeshaingia, kundi letu lile lile la tangu chuo na mmoja wetu alikuwa na bethidei. Meza yenyewe ndo hizi meza zetu za Dar, kila mtu na lake. Mimi kitimoto naila, sifichi, naifuata mpaka Sinza na ndizi za kuchoma na pilipili yangu pembeni. Shoga yangu wa Tanga ni mtu wa swala tano, hana maneno mengi, hamhukumu mtu, ila chake anakijua. Halafu yupo mwenzetu wa Upanga, Mhindi, nyama hajaigusa tangu azaliwe. Na miaka yote tunakula pamoja, hatujawahi kushindwana mezani, kwa hiyo naomba asije mtu hapa kuniambia ooh mlienda sehemu isiyowafaa. Tumekula sehemu kibao sisi, siri ni kuuliza tu.

Na aliuliza! Hapa ndo pananiuma. Weita kijana mmoja hivi mchangamfu, anacheka na kila mtu, kaja na kidaftari chake, shoga yangu alitaka rameni, zile tambi za Kijapani za ndani ya supu, kamwambia kwa adabu zote za Kitanga, "Samahani kaka yangu, hii rameni supu yake ya nini, ina nguruwe?" Kijana hata hakupepesa, "Hapana dada, hiyo ya kuku." Akamuuliza tena, una hakika, na pombe je humo ndani. "Hakuna dada, kuku mtupu, kula kwa raha zako." Hakwenda jikoni, hakumuuliza mtu, hakuangalia popote, alijibu tu vile mtu anavyojibu bodaboda ukimuuliza unafika saa ngapi, nipo hapa karibu.

Sasa wakati tunasubiri wakaleta vya kuanzia, na lazima niseme ukweli ingawa sitaki, vilikuwa vitamu kinoma. Kuku wa Kikorea yule wanayemkaanga mara mbili, ukimng'ata unasikia krakra halafu ile sosi ya pilipili tamu inakuja polepole, aisee tuligombania mpaka kipande cha mwisho. Kulikuwa na kachori wameipa jina refu na kuiwekea majani juu wanaiita fyuzheni, tukacheka, maana sisi watu wa pwani na sambusa zetu, bajia, chapati, biriani, vyote vilikuja na watu kutoka ng'ambo vikakaa, na hakuna bibi yeyote Tanga aliyewahi kukutoza elfu kumi na nane kwa kachori mbili eti kwa sababu zimechanganya mabara. Ila zilikuwa nzuri. Basi.

Mwenzetu wa Upanga yeye aliagiza tofu, ile kama jibini ya soya, kasema kabisa sili nyama wala samaki, ikaja imemwagiwa juu vile vipande vyembamba vya samaki mkavu vinavyochezacheza kwa mvuke utadhani viko hai. Akavitazama, akatutazama, akaisukuma katikati ya meza kimya kimya. Hapo ndo tulitakiwa kushtuka. Kule kwao Upanga na Kisutu ukiingia migahawa ya mboga unaweza kusema hauli hata kitunguu wala saumu, wapo watu dini yao haiwaruhusu, na mhudumu anakuelewa hapo hapo wala hakukodolei macho. Na ile ni migahawa ya meza za plastiki bwana, haina taa za karatasi.

Rameni zikaja. Bakuli kubwa, supu nzito nyeupe kama tui la kwanza, yai limekatwa katikati kiini bado kinang'aa, kuku wa kuchoma juu, majani ya kitunguu. Shoga yangu anasoma bismillah, anaanza, anasifia, anasema hii supu ina utamu sijawahi kuuona. Anakula mpaka nusu.

Halafu akaja weita mwingine, dada, na bakuli la mwenye bethidei ambaye yeye aliagiza ya kitimoto. Na yule dada, maskini, kwa kujivunia kazi yao kabisa, akatueleza: "Hii ndo spesho yetu, supu ni ile ile moja kwa zote, mifupa ya nguruwe tunaichemsha usiku kucha mpaka inatoa huo weupe, mnatofautiana nyama ya juu tu."

Meza nzima kimya. Shoga yangu akaweka vijiti chini. Mtu akaanza kumwambia jamani hukujua, Mungu anajua hukujua, huna dhambi. Akasema, "Dhambi najua sina, ila nasikia kutapika." Akaenda chooni. Mwenye bethidei machozi yanamlengalenga kwa sababu yeye ndo alichagua sehemu.

Tukamwita yule kijana. Unajua alisema nini? "Aah dada, mimi nilimaanisha nyama ya juu." NYAMA YA JUU. Jamani, nyama ya juu anaiona kwa macho yake, nani anauliza nyama ya juu, mtu kauliza SUPU, kalitaja neno supu, wewe unamjibu kuhusu kitu kinachoelea! Na tuelewane, simlaumu kwa kutokujua. Kutokujua si kosa, mimi mwenyewe siku hiyo sikuwa najua kwamba kuna rameni za supu nyeupe za mifupa ya nguruwe, kule Japani wanaziita tonkotsu, asili yake kisiwa cha Kyushu, mifupa inachemshwa kwa moto mkali masaa na masaa mpaka mafuta na uroto vinachanganyika na maji. Tatizo ni ile hakika. Kama hujui sema ngoja nikaulize, hatua kumi mpaka jikoni, unarudi. Nani amewafundisha watu kwamba kusema sijui kwa mteja ni aibu, lakini kumlisha mtu asichokula siyo aibu?

Hata hivyo kijana ningemsamehe, alikuwa ametetemeka, anaomba radhi mpaka huruma. Mtu aliyenimaliza mimi ni meneja.

Meneja alikuja taratibu, shati limenyooka, simu mkononi hajaiweka hata mfukoni. Hakuuliza mwenzenu yuko wapi, anajisikiaje, hakuna. Kitu cha kwanza, "Dada zangu, sisi hapa hatujaandika halali popote." Sawa, ni kweli, nimekagua hakuna, tena kwenye kona ya menyu kuna bia na mvinyo, hakuna aliyedai ni halali. Lakini ndo maana mtu KAULIZA. Nikamwambia hivyo. Akajibu, na haya ni maneno yake, sikuongeza chumvi: "Mbona Waislamu wengi tu wanakuja hapa wanakula na hawaulizi."

Weee. Nilisimama. Yaani anajua kuna watu wanakula bila kujua, na kwake hiyo ndo sifa ya biashara! Nilivyoanza kuongea hata meza za jirani waligeuka, kuna baba mmoja alikuwa na familia yake, mkewe kajistiri vizuri, aliacha kijiko akaita weita fasta. Sijui alimuuliza nini ila najua.

Sasa hapa ndo hadithi inanivuruga, kwa sababu katikati ya kelele akatoka mpishi. Kaka mmoja mfupi, aproni imechafuka, na yeye akafanya kile ambacho wote wale walishindwa, alimsubiri shoga yangu arudi kutoka chooni, akamwambia pole dada, akakaa kwenye kiti kabisa, akaanza kumweleza kimoja kimoja. Kwamba kwenye supu kweli ni nguruwe. Kwamba ile sosi ya soya wanayotia chini ya bakuli imechanganywa na mirini, ambayo ile halisi ni pombe ya mchele, ina kilevi kama asilimia 14, inaungua kiasi motoni ila si yote. Kwamba gyoza, zile kama sambusa ndogo za Kijapani, ni kitimoto na kabichi. Kwamba kuku wa Kikorea hana shida ya nguruwe, anakaangwa kwenye karai lake peke yake. Akamgeukia na mwenzetu wa Upanga bila hata kuambiwa, akamwambia dada hata kimchi, ile kabichi ya Kikorea iliyochachushwa, usile, ina sosi ya samaki ndani, watu wengi hawajui wanadhani ni kabichi tu.

Halafu akasema kitu kilichoniumiza zaidi ya vyote. Akasema mifupa ya kuku nayo ukiichemsha hivyo hivyo kwa moto mkali inatoa supu nyeupe nzito ile ile, Wajapani wenyewe wanaifanya, na yeye jikoni huwa anayo sufuria ndogo ya kuku kwa ajili ya wafanyakazi, sababu nusu ya wapishi wenzake ni Waislamu. Sufuria ipo! Ilikuwepo muda wote! Kijana angetembea hatua kumi tu, shoga yangu angekula rameni ya kuku kweli na sisi tungekata keki kwa amani.

Pale nilikuwa nimeshapoa, nimeshafika nyota tatu kichwani, nne kwa mpishi kama mpishi. Wakatuletea pudingi ya nazi ya ofa, shoga yangu akauliza hii imegandishwa na nini, isije kuwa jelatini, ile ya ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, safari hii yule kijana alikimbia jikoni, KUKIMBIA kabisa, akarudi anahema, "Dada ni agari, ya mwani, nimeona pakiti kwa macho yangu." Tulicheka jamani. Na yeye shoga yangu akacheka, akaila, akasema haya angalau kaka umejifunza.

Kama tungeondoka pale pale ningeandika kitu kingine kabisa. Lakini bili ikaja.

Rameni iko ndani ya bili. Elfu thelathini na kitu, bakuli nusu, lile lile. Na servisi chaji juu yake. Nikadhani ni bahati mbaya, nikaita, kumbe meneja kaamua, eti "pudingi tayari tulishatoa kama fidia, na bakuli lilikuwa limeshaliwa nusu." Nusu! Kahesabu nusu! Tukabishana mpaka mwenye bethidei akasema jamani naomba tulipe tuondoke, akatoa simu akalipa kwa Lipa Namba yeye mwenyewe yote, siku yake, sisi tukamrudishia baadaye kwenye gari kwa kulazimishana.

Kwa hiyo ukiniuliza niende nisiende, sijui nikujibu nini. Ukiwa unakula kila kitu nenda, utakula vizuri, sitaki kudanganya, ile supu mimi nilimaliza yangu na nikaona aibu kuimaliza. Ukiwa na lako usilokula usiongee na weita wala meneja, omba mpishi atoke, anatoka. Nilikuwa nimekubaliana na moyo wangu niweke nyota mbili, ya pili kwa ajili yake, isije ikaonekana nimemchanganya na wale.

Ila niliwaandikia kwanza wenyewe faragha, nikawaeleza yote, nikaomba hata yule dada wa Tanga apigiwe simu tu aombwe radhi. Jibu limekuja jana, "Asante mpenzi mteja kwa mrejesho wako mzuri, karibu tena ujaribu spesho yetu," na kikatuni cha bakuli linalotoa mvuke. Spesho yenu!

Nyota moja.