Comí au he comido: uanze na ipi?

Wanaojifunza Kihispania hawaishi kubishana kuhusu njia hizi mbili za kusema jambo lililopita: comí, "nilikula", na he comido, "nimekula".

Kwa kuunda, he comido ni mteremko. Unakariri he, has, ha, hemos, habéis, han (mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao), kisha unaongeza hablado (kuzungumza), comido (kula) au vivido (kuishi). Vikaidi, yaani visivyofuata kanuni, ni vichache: hecho, dicho, visto, escrito na wenzao.

Comí inakutoa jasho. Vitenzi vinavyoishia na -ar vina miisho yake (hablé, hablaste, habló), vya -er na -ir vina yao (comí, comiste, comió). Halafu wanakuja wakorofi wenyewe: tener (kuwa na) inageuka tuve, hacer (kufanya) inageuka hice, na ser (kuwa) na ir (kwenda) zote zinaangukia fui, ujijue na muktadha! Hata alama ya mkazo haina mzaha: hablo ni "nazungumza", habló ni "alizungumza".

Kwenye matumizi, mambo yanageuka. Aliyekula wali leo mjini Madrid kwa kawaida atasema hoy he comido arroz. Wa Buenos Aires, hoy comí arroz. Ukitaja ayer, yaani jana, hata Madrid watatarajia comí. Hadithi nazo huenda kwa comí, tukio baada ya tukio.

Mwenye safari ya Madrid wiki ijayo aanze na he comido, walau apate cha kusemea. Mwenye wateja Mexico, au anayetaka kusoma riwaya, bora atoke jasho mapema.