Kibao cha triga cha USB-C: miezi minne mezani kwangu, Mwanga, Kigoma

Nina kibanda cha kutengeneza redio, rauta na spika hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kinachonipotezea muda kuliko ubovu wa vifaa vyenyewe ni adapta. Mtu analeta rauta nzima kabisa, ila adapta yake ya volti 12 iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi mara tatu. Adapta nyingine yenye kichwa kinachoingia na ampea zinazotosha mara nyingi inabidi kuagiza Dar es Salaam, halafu usubiri basi. Wakati huohuo mteja huyohuyo ana chaja ya simu ya USB-C yenye wati 65 mfukoni.

Kwa hiyo niliposikia kuna kibao cha saketi kiitwacho triga, ukubwa wake kama kucha ya dole gumba, kinachotoa volti 9, 12, 15 au 20 kwenye chaja ya namna hiyo, nikamwomba ndugu yangu aninunulie viwili Kariakoo. Kimoja volti yake huchaguliwa kwa kitufe, kingine kwa rezista, yaani kipande kidogo cha kuzuia umeme.

Kwanza niseme kinavyofanya kazi, maana wengi walionitembelea wanadhani kibao ndicho kinachopandisha volti. Hakipandishi chochote. Chaja ya USB-C ikiunganishwa hutoa volti 5 tu. Ndani ya soketi kuna njia nyembamba iitwayo CC, na humo chaja na kifaa huzungumza kwa mfumo wa Power Delivery, au PD. Chaja hutaja ilichonacho, kama mama lishe wa pale stesheni anavyokutajia vyungu vyake: kuna 5, kuna 9, kuna 15, kuna 20. Kibao huchagua na kuomba. Chaja ikikubali, inapandisha volti yenyewe, kisha inatoa taarifa kwamba iko tayari. Ambacho hakijapikwa hukipati.

Hapo ndipo nilipokwama siku ya kwanza. Nilikiweka kibao kwenye 12, nikachomeka chaja yangu, nikaunga rauta. Taa zikawaka, baada ya dakika moja zikazima, zikawaka tena. Nikashika mita ya kupimia umeme: volti 9. Nikaigeuza chaja na kusoma maandishi madogo ya mgongoni kwa tochi ya simu: 5, 9, 15, 20. Kumi na mbili haimo! Katika PD volti 12 si ya lazima. Mtengenezaji anaweza kuiweka au kuiacha. Kibao kilipoikosa kilishuka kwenye 9, na rauta ile haikuweza kusimama kwa 9. Nikaazima chaja ya jirani, mgongoni imeandikwa 12V 3A, nikapima: 12.1. Rauta imekaa juu ya kabati tangu siku hiyo na inafanya kazi mpaka leo. Tangu hapo, mteja akija na chaja naigeuza kwanza nisome mgongo wake kabla sijamwahidi lolote.

Nilijaribu pia chaja ya zamani yenye tundu bapa, kwa waya wa bapa kwenda USB-C. Volti 5, basi. Zile za zamani zina njia yao nyingine ya kuomba volti, na waya wa aina hiyo haupitishi mazungumzo ya PD. Chaja iwe ya USB-C, waya uwe na USB-C pande zote mbili.

Sasa kibao cha kitufe. Kila ukibonyeza, volti inapanda hatua moja na taa inabadilika rangi. Nilikipenda sana, kwa kujaribia vitu mezani ni kizuri mno. Lakini niliacha kikiwa kimeungwa na spika ya mama anayeuza mawese mbele ya kibanda changu, nikaenda kuswali. Mpwa wangu akaona kitufe, akadhani ndicho cha kuwashia spika. Akabonyeza, akabonyeza tena. Niliporudi nilikuta harufu, na kapasita kubwa, kile kikopo cha kutunzia chaji, ya kwenye amplifaya imetutumka juu kama andazi. Ilikuwa imeandikwa 16V, nayo ilikuwa imepewa 20. Nilibadilisha kapasita na chipu ya sauti kwa fedha yangu, na mama yule nilimweleza ukweli wote. Alisema, "Haya fundi, ilimradi iimbe." Lakini mimi roho iliniuma, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Kitufe kilicho wazi hakifai kubaki kwenye kifaa cha mtu.

Ndiyo maana ninakisifu zaidi kile cha rezista. Hakina kitufe, volti inaamuliwa na rezista moja ndogo unayoichomelea kwa risasi. Kwa hiki changu rezista ya kilo-omu 6.8 ni volti 9, ya 24 ni volti 12, ya 56 ni volti 15. Ila soma hapa vizuri: usipoweka rezista yoyote, kinaomba 20. Maana yake risasi ikiachia, rezista ikadondoka, kifaa cha volti 12 kinapigwa 20. Kwa hiyo kila ninapomaliza napima, natikisa, napima tena, halafu namimina gundi ya moto juu ya rezista. Sikabidhi kabla ya hapo.

Jambo jingine nililolijua kwa kusumbuka: chaja yenye matundu mawili. Rauta imetulia, mtoto anachomeka simu kwenye tundu la pili, chaja inagawa nguvu upya, umeme unakatika kidogo na rauta inajizima na kuwaka tena. Kama unataka intaneti isikatike, tumia chaja ya tundu moja. Na ukitaka kuvuka ampea 3, waya lazima uwe na chipu yake ndani, vinginevyo chaja haitatoa zaidi ya hapo.

Wiki iliyopita, siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa ikiwa imepumzika, alikuja mzee mmoja wa Kibirizi na betri ya taa zake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Nasikia una kidude kinachotoa 12 kwenye chaja ya simu. Nichajie betri hii."

Nilimkatalia, na nilichukua muda kumweleza kwa nini. Betri ya risasi ya volti 12 ikijaa inakaa karibu 12.7, kwa hiyo volti 12 haiwezi kuijaza. Na chaja ikizimika, betri inaweza kurudisha umeme kwenye kibao. Ukiweka 15 moja kwa moja, hakuna kinachosimamia ampea wala kinachojua betri imejaa. Betri inataka chaja ya betri. Mzee alinyamaza, akaiangalia betri yake, akasema, "Basi hiyo 15 ipitishe kwanza kwenye kitu cha kusimamia."

Alikuwa sahihi kabisa. Nyumbani ana kontrola ya sola, ila hiyo imetengenezwa kwa paneli, sikutaka kubahatisha na betri yake. Nimeagiza moduli ya kuchajia betri yenye skrubu ya kurekebishia volti na nyingine ya ampea. Katika oda hiyohiyo nimeongeza vibao vitatu vya rezista. Cha kitufe sikuagiza tena; nilichonacho kinakaa kwenye droo, ninakitoa nikiwa peke yangu na mita mkononi.