Tathmini ya G.703 na G.704: Imara Kwenye Waya na Fremu, Pungufu Kwenye Saa

Mtu anayenunua kadi ya E1 (laini ya kidijitali ya kilobiti 2048 kwa sekunde) kwa ajili ya mtambo wa simu wa ofisi, au anayekodi laini kuu kutoka kampuni ya simu, hukuta kwenye karatasi ya vipimo kwamba kifaa kinatii viwango vya G.703 na G.704. Wengi huyapita maneno hayo haraka na kwenda moja kwa moja kwenye bei. Tathmini hii inazihusu hati zenyewe, kwa sababu ndizo zinazoamua kama kifaa cha mtengenezaji mmoja kitaelewana na cha mwingine, na kwa hiyo zinastahili kupimwa kama tunavyopima bidhaa yoyote tunayoitegemea. Zote mbili hutolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, na hupakuliwa bure kwenye tovuti yake. Hilo ni jambo la kushukuru, maana viwango vingi vya kiufundi huuzwa.

Nianze na G.703, ambayo kwa maoni yangu ni miongoni mwa hati safi kabisa katika fani hii. Inaeleza umbo la umeme unaopita kwenye waya, na inaeleza kwa namna ambayo fundi anaweza kuikagua kwa mikono yake. Kwa laini ya kilobiti 2048 kwa sekunde, mpigo mmoja una upana wa nanosekunde 244, na kimo chake ni volti 2.37 kwenye kebo ya koaksia ya omu 75 au volti 3 kwenye jozi ya waya ya omu 120. Ukiweka rezista ya omu 75 kwenye mlango wa kutolea ishara na kuutazama mpigo kwa osiloskopu, unaweza kuulinganisha na kiolezo kilichochorwa ndani ya hati: ubavu wa kupanda, kilele na ubavu wa kushuka vyote vina mipaka yake, na hata uwiano wa kimo cha mpigo chanya na kile cha mpigo hasi umebanwa kati ya 0.95 na 1.05. Ukisahau rezista hiyo, kimo kitapanda kupita kiasi nawe utailaumu kadi bure. Upande wa kupokea nao una sharti lake, kwamba lazima uisome ishara iliyopoteza hadi desibeli 6 katika masafa ya kilohezi 1024.

Msimbo wa HDB3 umeelezwa vizuri vilevile. Kila sufuri nne zinapofuatana, mtumaji huziondoa na kuweka mfuatano wenye mpigo unaovunja kwa makusudi kanuni ya kupishana kwa chanya na hasi, ili mpokeaji asikae muda mrefu bila mpigo wa kumwongoza. Mipigo hiyo ya uvunjaji nayo hupishana, hivyo umeme wa mkondo mnyoofu haujikusanyi kwenye waya. Hapa hati haiachi nafasi ya tafsiri mbili, na ndiyo maana ni nadra kuona vifaa viwili vikigombana katika kiwango hiki.

Lawama yangu ya kwanza kwa G.703 ni kwamba haiamui kiunganishi. Inataja jozi na ukinzani wake, kisha inanyamaza, na mpangilio wa pini unabaki kuwa kazi ya hati nyingine na mazoea ya watengenezaji. Saa nyingi za ufungaji hupotea hapo, jozi ya kutuma ikiwa imeunganishwa na jozi ya kutuma.

G.704 inapanga biti ndani ya fremu, yaani kifurushi cha biti kinachorudiwa kwa mpangilio uleule. Fremu moja ina biti 256 zilizogawanywa katika nafasi 32, na hutumwa mara 8000 kwa sekunde, hivyo kila nafasi hubeba kilobiti 64, kiasi kinachotosha sauti moja ya simu. Nafasi ya 0 ni ya mpangilio, na ya 16 kwa kawaida hubeba ishara za kuanzisha na kukata simu, zikabaki 30 za mazungumzo. Hati hiyohiyo inaeleza pia mfumo wa kilobiti 1544 unaotumika Amerika Kaskazini na Japani, wenye fremu ya biti 193 na nafasi 24, jambo linalomchosha msomaji anayehitaji upande mmoja tu.

Kipande ninachokisifu zaidi ni CRC-4, hesabu ya kukagua makosa inayotumwa pamoja na fremu. Mpokeaji hutambua mwanzo wa fremu kwa kutafuta mfuatano 0011011 kwenye nafasi ya 0 ya kila fremu ya pili. Tatizo ni kwamba data ya mtumiaji inaweza kuuiga mfuatano huo kwa bahati, na mpokeaji akashikilia mahali pasipo sahihi huku akiamini mambo yako sawa. CRC-4 huhakiki vipande 1000 kila sekunde, na G.706, hati nyingine ya ITU, inaagiza kwamba vikiharibika 915 au zaidi, mpokeaji aanze kutafuta upya. Kasoro ni kwamba upande mmoja ukiwasha CRC-4 na mwingine ukaizima, laini hukaa ikilia kengele hata kama kila waya uko mahali pake. G.706 ina utaratibu wa kuitambua hali hiyo, lakini msomaji wa G.704 peke yake anaweza asijue kwamba upo.

Sasa nije kwenye saa, yaani mapigo ya ndani yanayoamua kasi ya kutuma biti, ambako nina malalamiko makubwa zaidi. G.703 inaruhusu kasi ya laini ipotoke kwa sehemu 50 katika milioni. Kwa kifaa kimoja hilo ni sharti jepesi na la haki. Lakini chukua mitambo miwili, kila mmoja ukifuata saa yake ya ndani, mmoja ukiwa sahihi na mwingine umepotoka kiasi hicho kinachoruhusiwa. Tofauti yao hujaza fremu nzima kila baada ya sekunde 2.5, na kila mara fremu moja hutupwa au hurudiwa, tukio linaloitwa mtelezo. Katika mazungumzo utasikia mlio mdogo ambao wengi huuvumilia. Faksi hupoteza mistari ya ukurasa, modemu hulazimika kuanza upya mapatano yao, na ujumbe wa ishara kwenye nafasi ya 16 huharibika ukahitaji kutumwa tena. Vifaa vyote viwili vinatii G.703 na G.704, na taa zote ni za kijani.

Ukitumia saa za daraja la G.811, hati ya ITU ya saa kuu za mtandao, zenye usahihi wa sehemu moja katika bilioni 100, mtelezo wa aina hiyo hutokea mara moja kwa takriban siku 70. Umbali kati ya sekunde 2.5 na siku 70 unatokana na uamuzi mmoja, yaani nani anatoa saa na nani anaifuata, na uamuzi huo haumo katika hati mbili ninazozitathmini. G.703 inatoa mlango wa kilohezi 2048 wa kupitishia saa, lakini haisemi nani aongoze. Mipaka ya mitelezo iko G.822, na ya mtetemo wa muda iko G.823.

Kwa hiyo ninazipendekeza hati hizi bila kusita kwa anayejenga au kukagua kiolesura. Kwa mnunuzi, ninashauri aombe karatasi inayotaja pia G.706 na G.823, na aulize kwa maandishi kama kadi inaweza kuichukua saa kutoka laini inayopokea, na kama ina milango kadhaa, ni upi utakaofuatwa pindi ule wa kwanza utakapokatika. Muuzaji anayejibu kwamba kadi inatii G.703 bado hajalijibu swali hilo.