Uzoefu wangu wa kusoma avoin huku Ufini, na zile logo za benki

Kabla hujafurahi ngoja nikwambie kitu, chuo huria cha huku sio kama Huria yetu. Kwetu ukisema unasoma Open mtu anaelewa upo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, unapiga digrii yako taratibu huku kazini unaenda, mwisho wa siku unavaa joho na watu wanakuvisha maua. Huku kinaitwa avoin yliopisto, na wala sio chuo kimoja, ni kama kila chuo kikuu kina dirisha lake la avoin, unanunua kozi moja moja kama vocha, unasoma, unafanya mtihani, unapewa krediti zako, basi. Joho hakuna. Hilo nimekuja kulijua nikiwa nimeshamwambia mama nimeanza chuo kikuu Ulaya na yeye ameshatangaza jumuiya nzima, ikabidi tuache tu hivyo hivyo.

Mimi nipo huku mwaka wa tatu, nilikuja kwa kibali cha familia, mume wangu anafanya kazi huku na mimi nafanya usafi kwenye maofisi usiku. Shule niliachia form four na divisheni yangu ambayo sipendi kuitaja mbele za watu. Avoin hawakuniuliza. Hawaulizi cheti, hawaulizi umri, na bei ndo usiseme, nilipoanza krediti moja ilikuwa haizidi euro 15, serikali ndo iliweka hicho kikomo, na haikujali pasipoti yako ni ya nchi gani. Kozi ya krediti 5 ilikuwa euro 75, haikufika hata hela ya zamu yangu moja. Wakati wenzetu wanaotoka nje ya Ulaya kuja kusoma digrii kwa kiingereza tangu 2017 wanalipishwa ada, na nyingi ukiangalia ni euro elfu 8 kwa mwaka kwenda juu. So kwa bei sina neno kabisa.

Sasa tuje kwenye kasheshe. Kusajili ni onlaini na mfumo unataka uthibitishe kwamba we ndo wewe, na huku kitambulisho cha mtandaoni cha watu wengi ni zile namba za siri za benki, wenyewe wanaita pankkitunnukset. Ukibonyeza kujisajili unatokea ukurasa wenye logo za mabenki zimepangwa kama sahani za kabatini, unachagua ya kwako, unafungua apu kwenye simu, unaweka pini, umeingia. Mfini hamalizi dakika. Mimi henkilötunnus nilikuwa nayo, yani ile namba yako ya utambulisho wa nchi, ila benki yangu walinipa akaunti na kadi tu, hizo namba za kuingilia sehemu nyingine wakasema mpaka nikae na mtu wao ofisini na miadi ya karibu ni wiki tano mbele. Nikasema sawa, sikujua kama hapo ndo nimefungiwa kila kitu.

Kozi niliyoitaka ni Kifini cha mwanzo, ya jioni, ya darasani, usajili unafunguliwa saa tatu asubuhi. Nimetoka zamu sijalala, nimekaa mezani na khanga yangu na chai, saa tatu na dakika moja nabonyeza, logo hizo hapo. Narudi nyuma, nabonyeza tena kama vile zitanionea huruma. Pembeni kuna kinamba cha nafasi zilizobaki, 14. Nimeinua kikombe nimekitua, 9. Nikampigia mume wangu kazini labda nitumie za kwake, akasema usithubutu, hizo ni kama saini ya mtu (na ni kweli, usije ukafanya hivyo). Saa tatu na dakika kumi na mbili pameandikwa täynnä, nikatafsiri, imejaa. Chai yenyewe ilikuwa bado ya moto.

Njia nyingine ipo, sitaki kuwasingizia. Chini kabisa kwa maandishi ya kutafuta na tochi wameandika asiye na namba za benki awaandikie. Nikaandika. Jibu limekuja siku ya sita ya kazi, la upole hilo na ki-emoji cha kutabasamu, nijaze fomu nipeleke pasipoti waione, halafu kozi pole imeshajaa. Kwa hiyo kama huna hizo namba waandikie wiki tatu nne kabla ya usajili kufunguliwa, usisubiri siku yenyewe kama mimi. Namba nikaja kupata Oktoba, Januari nikaingia dakika ya pili tu, nimelipa hapo hapo.

Masomo yenyewe sasa, aisee nimependa. Ila ujue krediti moja wanaihesabu kama masaa 27 ya kazi, kwa hiyo krediti 5 ni kama masaa 135, na mimi nilidhani ni zile jioni mbili za wiki, kumbe zile ni za kuonana tu, mengine unahangaika mwenyewe kwenye Moodle, ule mtandao wao wa masomo, saa nane za usiku ukiwa breki kazini. Mwalimu nilimwandikia imeli ya kwanza na vyeo vyote nilivyovijua, akanijibu Moi!, yani kama mambo, na jina langu, chini kaweka jina lake la kwanza. Mama wa kama miaka sitini. Mdomo wangu mpaka leo unataka kumpa shikamoo.

Kifini watu wanakiogopa sana ila kwa mswahili kuna sehemu inaingia vizuri. Wao neno linabadilika mkiani, talo ni nyumba, talossa ni ndani ya nyumba. Sasa si nyumba na nyumbani hiyo? Wenzangu darasani wanahangaika mimi nimetulia. Kilichonimaliza ni kuvuta irabu. Siku moja tunaagana nikamwambia mwalimu kwa furaha zote tapan sinut huomenna, kwamba tutaonana kesho, darasa kimya, yeye akacheka mpaka akavua miwani. Nilikuwa nimemwambia kesho nitakuua. Ya kuonana ni tapaan, unaivuta.

Nikachukua na kozi nyingine ya kiingereza, onlaini mwanzo mwisho, mtihani tu ndo wa kwenda. Unabuki siku na saa mwenyewe, mkoba unaacha nje kwenye kabati, unaingia chumba cha komputa chenye kamera. Hakuna msimamizi anayepita na viatu vyake ko ko ko kama mitihani ya NECTA, na ule ukimya ulinitisha kuliko viatu. Maksi zao ni 0 mpaka 5, 0 umefeli. Nilipata 3.

Wadogo zangu wa Bongo wanaonitumia meseji dada nipe linki nijisajili nipate viza, jamani hapana. Kozi za avoin hazikupi kibali cha kuishi cha mwanafunzi, hazikupi hela ya wanafunzi ya Kela, lile shirika lao la mafao ya jamii, wala hupati ile kadi ya kupunguziwa nauli ya treni. Hapa wewe ni mtu anayesoma, sio mwanafunzi wa chuo, na usipolielewa hilo utaumia. Ukiwa Dar unataka kuonja kitu chao anza na Elements of AI, kozi ya akili bandia ya tangu 2018, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Helsinki na kampuni ya Reaktor, ni bure na hiyo haitaki benki ya mtu.

Ila kuna njia inaitwa avoin väylä, ukikusanya krediti za kutosha na maksi nzuri unaweza kuombea nafasi ya digrii, kila chuo na kila somo lina masharti yake, na nyingi ni digrii za Kifini, ndo maana nimeanza na lugha.

Nawapa nyota 4 kati ya 5, moja nimeibakiza kwa ajili ya zile logo. Suomi 2, yani kozi ya pili ya Kifini, nimeshamaliza, 3 usajili unafunguliwa Agosti, saa tatu asubuhi tena. Nimeshaomba off siku hiyo na mume wangu nimemwambia asiguse ruta.